Jibu: Kuhamia sheria za 2024 wakati kampeni iko katikati

Ndugu wa Jinja, swali lako nimelisoma mara mbili. Mnacheza Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi, mambo yakiamuliwa kwa dadu) kwa sheria za 2014, kampeni yenu, yaani hadithi ndefu mnayoicheza, imefika katikati, DM wenu, yule anayesimulia na kusimamia mchezo, ametangaza kwamba mwezi ujao mnahamia sheria za 2024, na dada anayecheza paladini, yaani shujaa mtakatifu wa upanga, amesema ikiwa hivyo yeye anatoka. Umeuliza nani ana haki. Sisi huku Kansanga, Kampala, yalitukuta hayo hayo, na DM aliyetangaza nilikuwa mimi, kwa hiyo nivumilie nieleze kirefu.

Meza yetu ni ya watu sita. Mimi nimekulia Bombo, kijana mmoja ni wa Arua, dada mmoja ni wa Bukavu, wawili ni wanafunzi kutoka Kenya, na mmoja ni wa Masaka, Mganda kwa kabila. Tunacheza kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ambayo hakuna anayejiona mgeni ndani yake. Vitabu ni vya Kiingereza, kwa hiyo maneno tumejitungia. Ukitupa dadu mbili za pande 20 ukachukua kubwa, hiyo kwetu ni dadu ya baraka. Ukilazimika kuchukua ndogo, ni dadu ya mkosi. Nalitaja hili kwa sababu sheria ukiitafsiri kwa mdomo, mbele ya watu, ndipo unajua kama umeielewa.

Kosa langu lilikuwa kutangaza kwa WhatsApp, Jumatano usiku, kwamba kuanzia Jumamosi tunatumia kitabu kipya. Kijana wa Arua, ambaye ndiye paladini wetu, hakujibu chochote kwa siku mbili. Nilidhani amekubali. Kumbe alikuwa anapiga hesabu.

Hesabu yake ni hii, na dada yenu bila shaka ameshaipiga. Kwa sheria za 2014, paladini akimpata adui kwa silaha ya mkononi, anaweza kutumia nafasi moja ya uchawi, katika akiba yake chache, kuongeza pigo takatifu, yaani madhara ya ziada, na halimgharimu tendo lolote. Akifika leveli ya 5 anapiga mara mbili kwa zamu, kwa hiyo anaweza kuliongeza kwenye mapigo yote mawili. Kwa sheria za 2024, pigo takatifu limegeuzwa kuwa uchawi kamili unaokula tendo la ziada, lile dogo linalokuja juu ya tendo kuu la zamu, na tendo la ziada ni moja tu kwa zamu. Maana yake ni pigo takatifu moja, basi. Mtu aliyemjenga mhusika wake mwaka mzima kwa ajili ya zamu ile moja ya kutisha, unamwambia kwa ujumbe wa simu kwamba zamu ile haipo tena. Nilipomwelewa niliona aibu.

Tulibishana wiki tatu, na wiki mbili za kwanza hazikuzaa kitu kwa sababu kila mtu alikuwa anabishana na alichokisoma. Wiki ya tatu dada wa Bukavu akasema tuache maneno, tupigane vita ile ile mara mbili. Tukachagua zimwi la darajani ambalo tulishawahi kupigana nalo, tukalipa pointi zile zile za uhai, tukaweka wahusika pale pale.

Mara ya kwanza tulicheza kwa sheria za zamani. Umeme ulikatika mtaani kabla hatujamaliza, tukaegemeza simu mbili kwenye chupa ya chai, tukawa tunatupa dadu ndani ya mfuniko wa sufuria zisipotee gizani. Kijana wa Arua akapata mapigo yote mawili, akatumia nafasi mbili za uchawi wa leveli ya 2. Hizo ni dadu sita za pande nane juu ya madhara ya upanga. Tunazo nne tu, kwa hiyo mbili alizitupa tena, na mfuniko ukalia kama mvua juu ya bati. Zimwi halikufika zamu yake ya pili. Wote tulipiga makofi, na mimi moyoni nikasema huyu kijana ana haki.

Kisha tukaanza upya kwa sheria mpya. Safari hii dadu za pande nane zilikuwa tatu tu. Zimwi likabaki limesimama, likamgeukia mwizi, mhusika wa mmoja wa wale Wakenya, likamwangusha hadi pointi sifuri za uhai. Zamu ikarudi kwa paladini. Sasa sikiliza: zamani, mkono wa tiba ulikuwa unakula tendo lake zima, yaani akimponya mwenzake hapigi. Kwa sheria za 2024 mkono wa tiba nao umekuwa tendo la ziada. Kwa hiyo alikuwa na uamuzi ambao hajawahi kuwa nao: tendo lile moja la ziada alitumie kuongeza pigo takatifu, au amwinue mwizi na bado apige mara mbili kwa upanga mtupu? Alikaa muda mrefu anaangalia karatasi yake kwa mwanga wa simu. Mwishowe akamgusa mwizi, akampa pointi 10 za uhai kati ya 25 za tiba alizokuwa nazo, kisha akapiga mara mbili. Mwizi akainuka. Tulishinda raundi mbili baadaye kuliko mara ya kwanza, na hakuna hata mmoja aliyeshika simu kuangalia ujumbe.

Kijana wa Arua alisema, "Hii kazi ni ngumu zaidi, lakini ni kazi ya paladini kweli." Hakusema kwamba hajapoteza kitu. Amepoteza, na ukimwambia dada yenu kwamba ni sawa tu na zamani utakuwa unamdanganya.

Sheria ya uchovu, yaani ya mhusika aliyechoka, ilikwenda kinyume na hiyo ya paladini. Hiyo mimi ndiye niliyeipinga kwanza, kisha jaribio likanishinda. Ya 2014 ina ngazi sita na kila ngazi ina adhabu yake: ya kwanza dadu ya mkosi kwenye majaribio ya uwezo, ya pili mwendo nusu, ya tatu mkosi kwenye mapigo na kujinusuru, na kuendelea hadi kifo ngazi ya sita. Kila mara ilibidi nifungue jedwali. Ya 2024 inaondoa 2 kwa kila ngazi kwenye kila mtupo wa dadu ya pande 20, na mwendo unapungua futi 5 kwa kila ngazi. Kifo bado ni ngazi ya sita. Niliogopa kwamba inauma mapema mno, maana hata ngazi ya kwanza inagusa upanga wako. Ni kweli inauma. Lakini safari ya jangwani tuliyocheza nayo, wachezaji wenyewe ndio walioanza kuhesabu maji bila mimi kuwakumbusha. Miaka yote ya jedwali sikuwahi kuona hivyo.

Kuhusu kunywa dawa ya uhai kwa tendo la ziada, badiliko jingine la 2024, hatukubishana, tulishafanya hivyo kama sheria ya nyumbani.

Mganda wetu alikuwa na hoja nzito kuliko zote. Alisema kwenye omweso, kete 64 zikishapangwa kwenye mashimo 32, hakuna mzee atakayekuruhusu kubadilisha sheria hadi mchezo uishe. Nilimjibu kwamba omweso unaisha jioni ile ile, kampeni yetu ilikuwa na mwaka na nusu. Lakini hoja yake iliniathiri, na ndiyo tuliyoifuata kwa sehemu: paladini alibaki na pigo lake la zamani hadi sura ile ya hadithi ikaisha na wote wakapanda leveli ya 6. Mengine yote tuliyabadilisha mara moja. Sheria mpya ziliandikwa ili zikae pamoja na za 2014, kwa hiyo mchanganyiko huo haukuharibu kitu.

Kuna wanaosema kubishana hakuna maana kwa kuwa watengenezaji wameshaamua. Si kweli. Agosti 2022 walipotoa rasimu ya kwanza ya majaribio, ndani yake kulikuwa na sheria kwamba mazimwi hayawezi kupiga pigo la hatari, lile la dadu maradufu, yakitupa 20. Wachezaji waliilalamikia, na mwishowe sheria ya zamani ndiyo iliyobaki. Kama kampuni iliweza kurudi nyuma, DM wenu naye anaweza.

Na suala la gharama, ambalo huku kwetu si dogo. Msikimbilie kununua vitabu vitatu. Sheria za msingi za 2014 zilitolewa chini ya leseni ya Creative Commons Januari 2023, na za toleo jipya zikafuata Aprili 2025. Mnazipakua bure, mnaruhusiwa kuzichapisha na hata kuzitafsiri mradi mtaje zilikotoka. Sisi tulichapisha kurasa za uchovu, paladini na silaha tu, tukazibana kwenye faili moja inayokaa mezani.

Kwa hiyo, ndugu, nani ana haki? Dada yenu ana haki ya kusema kwanza, kabla ya DM, kwa sababu ni mhusika wake anayeguswa. DM ana haki ya kuomba jaribio. Mpeni dada vita ambayo anaikumbuka kwa fahari, aipigane mara mbili, na hakikisheni katika ile ya pili kuna mwenzake anayeanguka, vinginevyo ataona hasara tu na mkono wa tiba hatauona. Akimaliza, muulizeni anataka kubaki na pigo la zamani hadi lini, na tarehe hiyo iandikeni kwenye karatasi yake ya mhusika. Mkishacheza rudi hapa utueleze, hasa kama zimwi lenu nalo lilisimama zaidi ya raundi mbili.