Shanta likiwa kubwa litajazwa tu: anza na mizani

Mkuu, wewe unayetaka kuwanunulia vijana wa platuni yako mashanta mepesi ya lita 100, halafu ukauliza na mazoezi ya mgongo: usinunue! Nafasi ikiwepo itajazwa. Sisi tuliletewa ya aina hiyo hiyo, na afande mmoja wa vifaa akatuapia kwamba kila mtu atapunguza kilo mbili. Kilo hizo zilirudi kabla hatujatoka kambini. Betri za akiba, magazini za risasi za akiba, koti la pili, eti lolote laweza kutokea. Tukaondoka wazito kuliko zamani.

Njiani mshika redio wetu akaanza kulalamika vidole vinakufa ganzi. Mikanda ilikuwa inambana mishipa ya fahamu begani, ikafika mahali hawezi hata kufunga kifungo cha shati. Risasi zilipolia tukalala chini, shanta lake likapanda kisogoni na kuisukuma kofia ya chuma hadi machoni. Yuko kifudifudi, bunduki mkononi, haoni mbele! Kilichomwokoa ni mwenzake kumkatia mkanda kwa kisu. Yule aliyetuapia hakuwahi kulivaa lile shanta hata kupanda nalo kilima kimoja, uzito aliujumlisha kwenye karatasi. Mpaka leo nina hasira naye.

Na si sisi tu. Mwaka 2003 Wamarekani walipima mizigo ya askari wao Afghanistan, wakakuta ya mwendo, yaani ya kutembea nayo kuelekea vitani, ni wastani wa kilo 46 hivi, wakati mwongozo wao wenyewe ulisema 33. Vifaa vya kisasa walikuwa navyo tele.

Kwa hiyo pima kabla ya kutoka, na anayepima awe na mamlaka ya kutoa vitu. Weka kikomo, theluthi ya uzito wa mwili ni kipimo cha siku nyingi. Jiko moja linatosha watu watatu. Maji usiyapunguze, tafuta pa kujazia njiani. Hela ya mashanta nunulia buti nyepesi, maana kilo moja mguuni humchosha mtu kama kilo tano hivi mgongoni.

Mizani ya kuning'iniza, ile ya magunia, inatosha. Tundika shanta mwenyewe akiona, asome namba kwa sauti, kisha achague cha kuacha. Akisema vyote ni muhimu, mtolee wewe.