Kulala hemani na mtoto mwenye usonji: anzeni sebuleni

Mtu akisikia tumempeleka kijana wetu, mwenye usonji (kwa Kiingereza autism), kupiga kambi, huuliza: "Mwamwezaje?" Twamweza kwa sababu kazi kubwa huifanya nyumbani, kabla gari halijatiwa mafuta. Mkifika kambini, mahali pawe pageni, lakini vitu vyote avijue.

Hema tulilitandika sebuleni, meza tukaisukuma ukutani. Siku za mwanzo alishughulika na zipu tu, juu, chini, juu, chini, hadi dada yake akaziba masikio. Nilimwacha, maana zipu hiyo ndiyo iliyomwingiza ndani. Akaanza kulia chapati yake humo, kisha usingizi wa mchana, hatimaye wa usiku. Safarini tunabeba shuka lake, kikombe chake na leso yangu kuukuu anayoifinyafinya hadi alale. Leso hiyo msiifue siku ya kuondoka. Harufu yake nayo ni kitanda.

Msimu pia una neno. Likizo ya Aprili huangukia masika, na Agosti kusi bado inavuma. Turubai hupigwa na upepo usiku kucha. Kwa mtoto ambaye sauti humuumiza, hiyo ni adhabu. Mimi hungoja Disemba.

Shimba Hills, hifadhi ya wanyama huko Kwale, ni karibu na sisi wa Mombasa, kuna ubaridi, na ndiko pekee nchini Kenya waliko palahala, swala wakubwa wenye pembe ndefu zilizopinda. Lakini kuna tembo, na mtoto wa kuchomoka ghafla simlazi huko. Nendeni mchana, mrudi. Usiku wa kwanza natafuta kiwanja chenye ua huko Tiwi, ufukweni kusini mwa Mombasa, chenye lango la kufungwa. Hapo tatizo ni bahari: watoto wengi wenye usonji huvutwa na maji, wala hatari hawaioni. Hema huliweka mbali na ufuo, natia njuga kwenye zipu, na mmoja wetu hulala mlangoni. Nambari ya simu naiandika ndani ya fulana. Askari wa lango namwonyesha mtoto mwenyewe, nikimwambia kwamba akiitwa jina huenda asiitike.

Njiani twaikwepa feri ya Likoni. Honi, umati, foleni isiyojulikana itaisha saa ngapi. Mtu mzima mwenyewe huchoka. Barabara ya Dongo Kundu, kutoka Miritini hadi Kibundani, kwetu sisi wa kisiwani ni mzunguko, lakini gari halisimami, na kwake hilo ndilo kubwa.

Namchorea pia safari kwa picha kwenye karatasi moja: gari, hema, chakula, bahari, kulala, gari, nyumbani. Hiyo ya nyumbani ndiyo anayoigusa mara kwa mara.

Na maneno ya watu? Yapo. Atatokea mama wa hema la jirani akunong'oneze habari za mashetani na mganga wake hodari. Mjibu kwa adabu, "Ana usonji, kelele zinamuumiza," uendelee kukaanga viazi vyako.

Kabla ya kulala, gari ligeuzwe lielekee langoni. Mkubaliane mapema: akikataa kabisa usiku wa manane, nani atamrudisha nyumbani na nani atabaki na watoto wengine. Dada yake naye alikuja kucheza mchangani, asing'olewe usingizini kila mara kwa ajili ya kaka.