Maswali yenu: dagaa wenye mchanga, dona, na uji wa shuleni

Ziwa Victoria liko mlangoni, mbona sangara hatumuwezi bei? (Mama, Igoma)

Mama, wewe si mnunuzi wake wa kwanza. Tangu viwanda vya minofu vishamiri Mwanza miaka ya 1990, mnofu unakwenda Ulaya, bondo, kile kibofu cha hewa cha samaki, linakwenda China, sisi tunakaangiwa mapanki, mifupa na vichwa vilivyobaki. Biashara ya nje siipingi, inaajiri watu wetu. Ninachopinga ni kikao cha bajeti kinachohesabu ushuru wa samaki bila kuuliza mtu wa Buhongwa anakula nini.

Dagaa wana mchanga, watoto wanawakataa. Nifanyeje? (Ilemela)

Waoshe kwa maji ya vuguvugu mara tatu. Vichwa usitoe.

Ila mchanga huo haukuanzia jikoni kwako. Juzi pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba nilimwona mama akichota dagaa kiganjani, akawapuliza, akawarudisha kwenye beseni. Mchanga ukabaki kwenye mikunjo ya kiganja. Hao walianikwa chini. Wa kwenye chanja iliyoinuliwa juu ya ardhi hukauka safi, na mvua ikija hufunikwa upesi. Waliolowa mchangani huishia kwenye chakula cha kuku, kwa hiyo kuku anapata madini ya chuma anayoyakosa mtoto wa chekechea. Chanja ni miti na nyavu tu! Dagaa wanalipiwa ushuru. Fedha hiyo ijenge chanja kabla ya kununua viti vya ofisi.

Dona au sembe?

Dona, unga usiokobolewa. Nimeshajibu hili mara nyingi, na bado hamniambii mahindi yenu yamehifadhiwaje. Yakiwa na ukungu yanaweza kuwa na sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Yatupeni.

Mafuta ya kupima yana ubaya?

Yakianikwa juani kwenye chupa angavu, vitamini A iliyoongezwa kiwandani inaharibika. Nunua kwa anayeyaweka kivulini.

Mwanangu ananyimwa uji shuleni kwa kuwa sijachangia. Si elimu ni bure? (Baba, Magu)

Kilichofutwa ni ada. Chakula cha shule ya kutwa kimebaki kwa wazazi, na kiwango hupangwa kwenye mkutano wa wazazi. Baba, ulihudhuria? Wengi hamwendi, kisha mnalalamika.

Hata hivyo, mtoto hana deni. Kumtoa kwenye foleni kikombe kikiwa mkononi ni ukatili, na anayefanya hivyo asijifiche nyuma ya kamati. Mkutano ujao nenda na hoja mbili: asiye na fedha alete mahindi au kuni, na dagaa wa kusaga waingie kwenye sufuria ya uji. Wakikataa, mwandikie diwani, nakala baki nayo.