Bondia na Winga, Nani Fiti? Inategemea Umewapima Nini

Ubishi huu haukosi kijiweni: bondia wa Manzese na winga wa timu ya mtaa, nani fiti zaidi? Wengi huwakimbiza raundi kumi za uwanja wakaamua hapo hapo. Umeshampa winga ushindi. Mchezaji wa kiungo au wa pembeni kwenye ligi kubwa hukimbia kilomita 10 hadi 12 kwa mechi. Bondia anapigana dakika 3, anapumzika 1, anarudi ulingoni. Zote ni pumzi, ila si pumzi moja.

Tumieni vipimo vinne, kwa mpangilio huu: kuruka juu, mbio za mita 30, pushapu za dakika moja, mwisho mbio za dakika 12. Ukianza na hizo za mwisho miguu imekwisha, na kinachofuata ni kupima uchovu.

Kuruka, paka chaki kwenye vidole, simama ubavu kwa ukuta, nyoosha mkono uguse. Kisha ruka uguse tena. Kinachohesabiwa ni nafasi kati ya alama mbili, si alama ya juu. La sivyo mcheza kikapu atawashinda wote akiwa amesimama. Kila mtu aruke mara tatu, chukueni iliyo bora.

Mita 30, saa ashike mtu mmoja kwa wote, asimame kwenye mstari wa kumalizia. Kidole huchelewa, hivyo tofauti ya sehemu moja au mbili za kumi ya sekunde msiigombanie. Njumu zivuliwe: kwenye vumbi zinang'ata ardhi, mwenye raba anateleza.

Pushapu zinambeba mwepesi. Wa kilo 60 na wa kilo 95 hawanyanyui mzigo mmoja, kwa hiyo andikeni uzito pembeni ya idadi. Na bondia anayekata uzito, yaani anayejipunguza haraka ili afikie kilo za pambano, msimpime wiki hiyo. Mwili umekauka maji.

Dakika 12 ni kipimo cha Mmarekani Kenneth Cooper, cha mwaka 1968. Pimeni uwanja kwa futi kamba, maana viwanja vingi vya shule havifiki mita 400, na wekeni koni kila mita 50 ili raundi ya mwisho isikadiriwe kwa macho. Mita alizokimbia toa 504.9, gawa kwa 44.73: hapo unapata makadirio ya oksijeni anayoweza kutumia, mililita kwa kila kilo kwa dakika. Mita 2,400 ni kama 42. Mita 3,000 ni kama 56. Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo mwaka 2025 kwa saa 2:09:48, alikuwa akila wastani wa mita 3,900 kila dakika 12, kwa zaidi ya saa mbili. Watu wa aina hiyo muwaache nje ya ubishi wenu.

Wengi huharibu mwanzoni: wanafyatuka, dakika ya nne wanatembea. Raundi ya kwanza mtu akimbie akiweza kuongea. Joto la Dar nalo halina huruma. Anzeni saa 12 na nusu asubuhi, wote pamoja. Atakayekimbia saa 4 moyo wake unafanya kazi mbili, kukimbia na kupoza mwili. Mchanga wa Coco Beach hapana, ugumu wake unabadilika na maji kupwa na kujaa.

Filimbi ya mwisho ikilia ndipo kipimo cha nyongeza, tunachokiamini kuliko vyote: moyo unatulia haraka kiasi gani. Hesabu mapigo ya moyo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Baada ya dakika moja kamili hesabu tena. Mapigo 46 yakishuka hadi 36, ametoka 184 kwenda 144: ameshusha 40. Anayeshusha mengi ndiye mshindi. Bondia anaweza kuachwa mita 300 kwenye mbio, kisha akamzidi winga hapa, kwani dakika moja ya kupumzika kwenye kona ya ulingo ndiyo shule yake. Wote wasimame wima, bila kuketi wala kunywa maji, na vidole viwekwe kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba.