Re: Nimechaguliwa UDSM na SUA, nithibitishe wapi?

Mambo mdogo wangu, hongera kwanza. Kama nimekusoma vizuri una PCB (fizikia, kemia na baiolojia), umepata baiolojia ya molekuli na baioteknolojia Mlimani (UDSM, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), na SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro) umepata baioteknolojia na sayansi za maabara, sasa hujui uthibitishe ipi.

Cha kwanza jiulize unataka kufanya kazi wapi. Kama ndoto ni maabara ya hospitali, usithibitishe chochote kabla hujauliza Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya kama hiyo digrii wanaisajili, maana neno "maabara" kwenye jina la kozi limeshawachanganya wengi na mtu anagundua akiwa ameshamaliza miaka mitatu. Kama ni utafiti zote mbili zinafaa, ila ukipenda mimea na mifugo mimi ningeenda Morogoro bila kusita. Angalia TARI Mikocheni (kituo cha utafiti wa kilimo) wanavyopambana na batobato ya muhogo, ugonjwa wa kirusi, wanachukua kipande cha jani, wanatoa DNA, wanapima PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi mpaka kionekane) kujua kirusi kipo au hakipo, hiyo ndo kazi yenyewe.

Halafu piga simu idarani uulize wanafunzi wangapi wanatumia pipeti moja (kifaa cha kupimia vimiminika kidogo kidogo) kwenye praktiko. Code ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), ile ya kuthibitisha chuo, usiiache mpaka siku ya mwisho, mfumo huwa unaelemewa.