Obj.magic haibadilishi thamani
Ndugu yangu wa Moshi, umeuliza kwa nini Obj.magic, kitendakazi cha lugha ya programu ya OCaml, inageuza true ("kweli") kuwa 1 bila shida, ilhali 3.14 inatoa namba ya ajabu. Kwa kweli haigeuzi chochote. Inamnyamazisha tu mkaguzi wa aina, yaani sehemu ya OCaml inayozuia thamani ya aina moja kutumika kama ya aina nyingine. Kwenye mashine ya biti 64, namba kamili n huhifadhiwa kama 2n+1, na true hushughulikiwa kama namba 1, kwa hiyo true na 1 zote huonekana kama 3 kwenye kumbukumbu. Lakini 3.14 hukaa ndani ya kisanduku, yaani sehemu ya pembeni ya kumbukumbu inayofikiwa kwa anwani yake, na unachokisoma ni nusu ya anwani ya kisanduku hicho. Hapa Arusha niliwahi kupoteza siku nzima kwa uzito wa magunia ya kahawa uliosomwa hivyo, kwa hiyo nakusihi utumie int_of_float, ambayo huigeuza thamani yenyewe kwa kukata desimali.