Maswali na Majibu: Sherifu aliyerudi bungeni

Toleo lililopita tulimtaja John Lovick, seneta wa jimbo la Washington nchini Marekani (lile lenye mji wa Seattle, si makao makuu ya nchi), aliyewahi kuwa sherifu wa kaunti ya Snohomish. Maswali yamemiminika.

Sherifu si ndiye OCS (mkuu wa kituo cha polisi) wa kwao? (Msomaji, Nakuru)

Hapana, ndugu yangu. OCS huteuliwa na wakubwa wake, na kesho asubuhi wanaweza kumhamisha. Sherifu wa Snohomish hupigiwa kura na wakazi wa kaunti kila baada ya miaka 4. Askari wake hulinda maeneo yaliyo nje ya miji na hupeleka hati za mahakama. Kaunti jirani ya King iliachana na mtindo huo: mwaka 2020 wapiga kura waliamua sherifu wao awe wa kuteuliwa.

Alikuwa polisi na mbunge kwa wakati mmoja? (Msomaji, Morogoro)

Ndiyo. Lovick, mzaliwa wa Louisiana, alikaa miaka 31 katika polisi wa jimbo, wale wanaosimamia barabara kuu. Alipoingia Baraza la Wawakilishi la jimbo mwaka 1999 alikuwa sajenti. Bunge lile hukaa siku 105 mwaka mmoja na siku 60 mwaka unaofuata, kwa hiyo wabunge wengi wana kazi nyingine. Usherifu aliushika mwaka 2008.

Mbona anapanda, anashuka, kisha anapanda tena? (Msomaji, Mombasa)

Hapa ndipo penye utamu. Mwaka 2013 mkuu wa kaunti, Aaron Reardon, alijiuzulu, na baraza la kaunti likamteua Lovick kushika nafasi hiyo. Hata mwaka haujaisha, tarehe 22 Machi 2014 mlima ukaporomoka Oso, ndani ya kaunti hiyo, na kuua watu 43. Mwaka 2015 aligombea akashindwa na Dave Somers, mjumbe wa baraza la kaunti.

Sasa fuata viti. Somers alipopanda, kiti chake barazani kikabaki wazi. Akateuliwa Hans Dunshee, mbunge wa jimbo. Kiti cha Dunshee nacho kikabaki wazi, na aliyeteuliwa kukijaza mwaka 2016 ni Lovick! Aliyembwaga ndiye aliyemfungulia mlango, bila kukusudia. Mwaka 2021 Seneta Steve Hobbs alipopewa ofisi inayosimamia uchaguzi wa jimbo, Lovick akahamia Seneti, na mwaka 2022 wapiga kura wakamthibitisha.

Kwani hawana uchaguzi mdogo? (Msomaji huyo huyo)

Si wa haraka. Viongozi wa mashinani wa chama chenye kiti, hapa Democratic, hupendekeza majina matatu, na baraza la kaunti huchagua moja. Mwananchi husubiri hadi uchaguzi wa Novemba. Gharama inapungua, sikatai, ila binafsi sipendi: mteule anaingia kwenye kampeni akiwa tayari anaitwa mheshimiwa.

Anawabeba polisi wenzake? (Msomaji, Minnesota)

Amua mwenyewe. Sheria ya mwaka 2021 iliwabana polisi wasikimbize magari ovyo. Mwaka 2023 Lovick alipeleka mswada wa kulegeza, ukapita: kwa makosa kadhaa, kama yale ya ukatili, shaka yenye msingi ikawa inatosha kuanza kumfukuza mtu. Wizi wa gari haukuwemo, na wengi walinung'unika. Mwaka huohuo alitaka kiwango cha pombe kwenye damu ya dereva kishuke kutoka 0.08 hadi 0.05, kama jimbo la Utah. Huo haukupita.

Na uspika? (Msomaji, Arusha)

Alikaimu tu uspika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo, kuanzia Mei 2019 Spika Frank Chopp alipong'atuka hadi Laurie Jinkins alipokabidhiwa Januari 2020.